Picha Itangulie, Sindano Ijibu

Bibi yangu anashona kofia za viua, vile vijitundu vinavyozungushiwa uzi. Siku moja nilimpiga picha kwa simu akiwa barazani: kofia magotini, sindano kati ya kidole gumba na cha shahada, uzi mweupe umevutwa mpaka usawa wa bega. Niliipenda picha ile, nikaichapisha kwenye kitambaa cha bafta, kisha nikakaa na nyuzi za rangi kuipamba. Nikafuata mistari ya vidole. Nikafuata ukingo wa kofia, nikafuata mikunjo ya leso aliyojitanda. Kazi ya majuma matatu. Nilipomaliza nikakitundika kitambaa ukutani, nikarudi nyuma hatua chache, nikaona kuwa sikuongeza kitu. Kila nilichokitarizi kilikuwa kimeshasemwa na picha, na mikono ya bibi ilikuwa hai zaidi kabla sijaigusa.

Nikachapa nakala ya pili. Safari hii nilitarizi kitu kimoja tu: uzi mweupe. Ulianzia kwenye tundu la sindano iliyo pichani, ukavuka mpaka wa picha, ukaingia kwenye kitambaa kitupu, ukaachwa uning'inie shubiri moja chini ya pindo. Tangu nikitundike, kila mgeni anayeingia sebuleni hupeleka mkono kwenye ule uzi.

Nawaandikia ninyi wenye sindano, uzi na simu yenye kamera, mnaotamani kuchanganya picha ya kidijitali na tarizi ya mkono lakini hamjui pa kuanzia, au mmeanza mkakata tamaa. Ushauri wangu mkubwa ni mmoja, na mengine yote yanautumikia: usiipe sindano kazi ambayo printa imeshaimaliza. Picha iseme, sindano ijibu.

Si jambo geni kwetu

Wapo wanaodhani kitambaa kilichochapwa kwa mashine na kile cha mkono ni mahasimu. Historia ya leso inasema vingine. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua vitambaa vya mraba vilivyochapwa, vilivyoletwa na wafanyabiashara na kuitwa kwa neno lililotokana na la Kireno, lenço. Badala ya kutumia kimoja kimoja walichukua sita, wakavigawa vitatu vitatu, wakaviunga kwa sindano hadi vikawa vazi moja. Baadaye viwanda vikaanza kuchapa vazi zima, likiwa na pindo pembeni, mji katikati na jina, yaani methali au msemo ulioandikwa. Lakini mwanzoni kabisa chapa ilitoka kwa mwingine, na mshono ulitoka kwa mwanamke aliyeona kwamba vipande sita vinaweza kuwa kitu ambacho mchapaji hakukifikiria. Hilo ndilo jibu la sindano ninalolisema.

Katika zama zetu, mfano ninaoupenda zaidi unatoka Côte d'Ivoire. Tarehe 13 Machi 2016 mji wa ufukweni wa Grand-Bassam ulishambuliwa na watu wenye silaha. Majuma matatu baadaye mpiga picha Joana Choumali alikwenda huko, akawapiga picha kwa simu watu waliokuwa wakipita mitaani au wamekaa peke yao. Picha hizo alizichapisha kwenye kitambaa cha turubai, akazitarizi kwa mkono, akauita mfululizo huo “Ça va aller”, yaani mambo yatakuwa sawa. Mwaka 2019 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Prix Pictet, akawa Mwafrika wa kwanza kuipata. Ukizitazama utaona anachofanya uzi. Picha inaonyesha mtu na barabara; uzi wa rangi unaleta yale ambayo kamera haikuweza kuyaona, yaliyomo ndani ya mtu yule. Simu ilichukua nukta moja. Mkono ulikaa na kila mtu kwa muda mrefu, na muda huo unaonekana.

Kabla ya kwenda dukani, jiulize: ni nini kwenye picha hii hakionekani? Harufu ya mahali, mtu aliyekuwa amesimama nje ya fremu, neno lililosemwa, upepo. Hapo ndipo sindano ianzie.

Zijue nyuzi, kisha chagua wino

Makosa mengi ya wanaoanza hayako kwenye mshono. Yako kwenye kuoanisha kitambaa na wino.

Anza kwa kukijua kitambaa chako. Chomoa nyuzi mbili tatu pembeni, zishike kwa kibanio juu ya sahani, uziwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na jivu lake husagika vidoleni. Poliyesta hujikunyata, huyeyuka, na huacha kidonge kigumu. Kitambaa cha mchanganyiko hufanya yote mawili. Kipimo hiki cha dakika moja kitakuokolea majuma.

Madukani, Kariakoo jijini Dar es Salaam au River Road jijini Nairobi, utakutana na njia kuu tatu za kuchapa.

Ya kwanza ni sablimesheni, ile inayochapa vikombe na jezi. Picha huchapwa kwanza kwenye karatasi, halafu mashine ya joto, kwa kawaida kwenye nyuzijoto 190 hadi 200, hugeuza wino kuwa mvuke unaoingia ndani ya nyuzi za poliyesta. Kitambaa hubaki laini kama kilivyokuwa na sindano hupita bila taabu. Lakini wino huo unashikana na poliyesta tu, na hauna rangi nyeupe: penye weupe pichani patabaki rangi ya kitambaa chenyewe. Kwa hiyo tumia kitambaa cheupe au cha rangi hafifu.

Ukiuchapa wino huo kwenye pamba utapendeza siku hiyo, halafu utaondoka na maji. Mimi nimelipia somo hili. Nilipeleka pamba kwenye duka moja, nikaambiwa hakuna tabu, nikatarizi siku nane. Nilipokifua kitambaa mara ya kwanza, picha ilikwenda na maji ukabaki mshono peke yake juu ya weupe. Iliniuma sana. Lakini nilipokianika nikaona jambo ambalo sijalisahau: baadhi ya mishono bado ilisema kitu, na mingine, ile iliyokuwa inafuata tu mistari ya picha, haikuwa na maana yoyote. Tangu siku hiyo, kabla ya kuanza kazi huwa najiuliza: picha ikifutika leo, mshono huu utabaki na neno?

Ya pili ni printa inayorusha wino moja kwa moja kwenye pamba. Kwa kazi ya mkono hii ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Kwenye pamba nyeupe kitambaa hubaki karibu na ulaini wake. Kwenye kitambaa cheusi hutandazwa kwanza tabaka la wino mweupe, na tabaka hilo hukifanya kigumu.

Ya tatu ni filamu ya DTF, ambayo sasa iko kila mahali. Picha huchapwa kwenye filamu ya plastiki, hunyunyiziwa unga wa gundi, kisha hugandishwa kwenye nguo kwa joto. Inakubali karibu kila kitambaa na kila rangi. Tatizo ni kwamba inaacha ngozi ya plastiki juu ya nyuzi. Sindano ikiitoboa, tundu halizibi. Ukikosea na kufumua, alama inabaki. Ukiichagua, omba picha ichapwe vipande vipande, na mshono wako upite kwenye nafasi zilizo wazi kati ya vipande hivyo.

Vyovyote utakavyochagua, usichapishe kazi yako kubwa siku ya kwanza. Lipia kipande cha ukubwa wa kiganja. Kikate katikati, fua nusu moja kwa sabuni unayotumia nyumbani, ianike, uilinganishe na nusu iliyobaki. Kisha piga mishono kumi juu yake na ufumue mitano. Utajua yote unayohitaji kujua.

Kuchapa nyumbani

Mwenye printa ya kawaida ya wino wa maji anaweza kujaribu bila kwenda popote. Chukua pamba nyembamba yenye ufumo wa karibu, kama bafta au melimeli. Ifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu kitambaa kipya kina kanji ya kiwandani inayozuia wino, na tena hurudi kikifuliwa mara ya kwanza. Kipige pasi kikiwa na unyevu kidogo mpaka kinyooke kabisa.

Tafuta karatasi ya stika ya A4 isiyokatwa. Bandika kitambaa juu ya upande wa gundi, ukikandamiza kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kata kingo zilingane na karatasi, sentimita 21 kwa 29.7. Kagua kingo zote nne: uzi mmoja uliochomoza unatosha kunasa kwenye kichwa cha printa na kuvuta doa katika picha nzima. Ingiza karatasi moja tu kwa wakati mmoja, na uiambie printa kwamba unatumia karatasi nene. Usifanye haya kwenye printa ya leza, kwa maana joto lake linaweza kuyeyusha gundi ndani ya mashine.

Uliza pia aina ya wino uliomo. Wino wa pigmenti hukaa juu ya nyuzi na huvumilia unyevu. Wino wa rangi inayoyeyuka hutawanyika ukiguswa na tone la maji. Huu wa pili usiutupe: kuna kazi ambazo kutawanyika kwake ndiko uzuri wake, kama picha ya bahari au ya sura inayosahaulika. Ila kazi hiyo isifuliwe kamwe, na mnunuzi aambiwe.

Acha kitambaa kikauke siku nzima, kibandue taratibu kutoka kwenye stika, ukipige pasi kavu upande wa nyuma.

Kuitayarisha picha

Picha ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa. Ukiituma dukani, itume kama faili. Kwa kitambaa, pikseli 150 kwa kila inchi zinatosha, maana ufumo wenyewe hula chembe ndogo. Kwa ukubwa wa A4 hiyo ni kama pikseli 1,240 kwa 1,754, na simu nyingi za leo huzidi hapo kwa mbali.

Ongeza mwanga kidogo kuliko unavyoona inafaa kwenye kioo cha simu. Kioo kinatoa mwanga, kitambaa kinaumeza. Vivuli vizito vitakuwa madoa meusi, na uzi mweusi au wa bluu utazama humo usionekane. Halafu punguza. Toa rangi, ibaki nyeusi na nyeupe, au ifanye picha iwe hafifu kama imepaukia juani. Mtu anayejua kwamba atatarizi haachi picha ijae mpaka pembeni. Acha uwazi, kama vile mji wa leso unavyopewa nafasi na pindo.

Kama duka linatumia karatasi ya kuhamishia picha, uliza ni nani atakayeigeuza picha kushoto-kulia, wewe au wao. Kwa sura ya mtu unaweza usigundue. Kwa maandishi utalia.

Sindano kwenye kitambaa kilichochapwa

Tumia sindano nyembamba na yenye ncha kali. Katika sindano za mkono, kadiri namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Katika za cherehani ni kinyume. Uzi wa kutarizi wa pamba huwa na nyuzi sita zilizolala pamoja. Zitenganishe, anza na mbili. Kata urefu wa kutoka ncha za vidole mpaka kiwiko, maana uzi mrefu huchakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi na kuanza kutoa manyoya. Nyuzi nyekundu na nyeusi zijaribu kwanza: lowesha kipande, kifunge ndani ya kitambaa cheupe, ukikandamize kwa pasi. Zikiacha rangi, zifue mpaka ziache kutoa.

Kitambaa chembamba kitie mgongo. Unaweza kugandisha kwa pasi kile kitambaa ambacho mafundi hutia ndani ya kola, lakini mimi napenda zaidi leso kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa. Weka picha juu, leso chini, piga bandi pande zote, kisha tarizi kupitia vyote viwili. Ndugu zetu Wasidi wa Karnataka, India, ambao asili yao ni Afrika, wana ustadi wa kushona blanketi za viraka vya nguo kuukuu zinazoitwa kawandi. Huanza pembeni na kuzunguka kwa mishono midogo iliyonyooka mpaka wafike katikati, na kwenye pembe nne hushona vipande vilivyokunjwa wanavyoviita maua. Jaribu mwendo huo kwenye picha. Ukianza pembeni na kuja katikati, kitambaa kinajikunja kidogo kidogo, na uso ulio katikati ya picha unainuka kama unakujia.

Majaribio manne ya kuanzia

Tumia kipande cha ukubwa wa kitambaa cha mfukoni kwa kila jaribio, wala usitafute uzuri. Tafuta tofauti.

La kwanza: chapa picha moja mara tatu. Nakala ya kwanza tarizi kile kilichomo. Ya pili tarizi kile tu kilicho nje ya picha, kwenye uwazi. Ya tatu funika kabisa sehemu moja, uso au mlango au jina la barabara, kwa mishono iliyosongamana. Zitundike pamoja kwa siku tatu. Utaona mwenyewe ni ipi unayoirudia kwa macho.

La pili: shona kwanza, chapa baadaye. Kunja kitambaa marinda membamba, yashikize kwa bandi, ukipeleke kwenye mashine ya joto. Ukifumua bandi na kukinyoosha, picha itakuwa imekatwa na mistari mitupu. Mistari hiyo ni mialiko. Tarizi ndani yake.

La tatu: kata na uunge. Chapa picha, ikate vipande sita, uviunge upya kwa mpangilio mwingine kama walivyofanya wale wanawake wa leso. Mshono wa kuungia usiufiche. Tumia uzi wa rangi iliyoiva.

La nne ndilo lililonifundisha zaidi. Tarizi kitu kidogo kwa mkono, viua vitano vya kofia kwa mfano. Kipige picha kwa karibu sana, ukikuze mara kumi, ukichapishe. Sasa kila kijitundu kina upana wa sarafu, na uzi umekuwa mnene kama kamba. Juu yake shona viua vya ukubwa wa kawaida kwa uzi mweupe. Jicho litakwenda na kurudi kati ya kiua kilichochapwa na kiua halisi, na mtazamaji atasogea karibu kujua kipi ni kipi. Ukimfikisha mtazamaji hapo, amekwisha kuanza kuisoma kazi yako.

Haki za waliomo pichani

Picha ya mtu ikichapwa kwenye kitambaa haifutiki kama ya simu. Itauzwa, itatundikwa nyumba nyingine. Mwombe mtu huyo ruhusa, umweleze unachotaka kufanya, umwonyeshe kabla hujaitoa hadharani. Kwa waliofariki, uliza familia. Michoro ya leso za viwandani nayo ina wenyewe. Methali ni mali yetu sote, lakini mchoro ni jasho la mtu. Piga picha leso ya mama yako ikiwa imechakaa kwa jinsi alivyoivaa yeye, pale mikunjo na viraka vinapokuwa historia ya nyumba yenu.

Na ukiuza, sema kweli: nini kimechapwa, nini kimeshonwa, kifuliwe vipi. Kwa kawaida ni maji baridi, mkono mwepesi, pasiwe na dawa ya kung'arisha, kianikwe kivulini, kipigwe pasi kwa nyuma. Bei usiiweke kwa gharama ya wino tu. Andika saa zako daftarini tangu siku ya kwanza, maana mtu anayeona picha iliyochapwa hudhani kazi imefanywa na mashine mpaka aonyeshwe saa za mkono.

Mgongo wa kitambaa

Kile kitambaa cha pili, chenye uzi unaoning'inia, nilimpelekea bibi. Hakutazama uso wake uliochapwa. Alikigeuza kwanza akaangalia mgongo, kama anavyokagua kofia yoyote aliyoletewa, akapitisha kidole mahali uzi ulipoingia na ulipotoka. Palikuwa na fundo moja kubwa nililoliacha kwa haraka. Akaomba mkasi, akalikata, akautuliza uzi chini ya mishono mitatu midogo, akakirudisha mkononi mwangu bila neno.

Kwa hiyo nawe, Jumamosi hii, tafuta picha moja tu unayoipenda na kipande kimoja cha pamba iliyofuliwa. Ichape iwe hafifu, uache uwazi. Kabla ya kutunga uzi, kaa nayo siku moja nzima. Ukishajua imenyamazia nini, anza kushona. Ukimaliza, kigeuze kitambaa na utengeneze mgongo wake. Atakuja mtu anayejua kushona, na ataanzia hapo.